Carl Linnaeus na Ua la Linea

Katika misitu ya misonobari ya Uswidi hutambaa mmea mdogo wenye majani ya mviringo yasiyopukutika wakati wa baridi. Wakati wa kiangazi huchipua vikonyo vyembamba vyenye kimo cha kidole. Kila kikonyo hugawanyika mara mbili kileleni, na kwenye kila pande huning'inia ua moja la rangi ya waridi lenye umbo la kengele. Waswidi huliita ua hilo linnea, na wataalamu wa mimea duniani kote huliita Linnaea borealis. Jina la ua lilitokana na mtu, na jina la mtu huyo lilitokana na mti. Anayetaka kueleza asili ya neno linnea hana budi kueleza pia maisha ya Carl Linnaeus, mtu aliyetunga maelfu ya majina ya mimea na wanyama, na ambaye ua alilolipenda kuliko yote lilikuwa mojawapo ya maua madogo kabisa ya nchi yake.

Jina lililotoka kwenye mti

Carl Linnaeus alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 katika kijiji cha Råshult, parokia ya Stenbrohult, jimbo la Småland, kusini mwa Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kilutheri. Mama yake, Christina Brodersonia, alikuwa binti wa mchungaji wa parokia hiyohiyo.

Zama hizo Waswidi wengi wa kawaida hawakuwa na jina la ukoo. Mtu alitajwa kwa jina lake pamoja na jina la baba yake lililoongezewa neno son, yaani mwana, kwa namna inayokaribiana na matumizi ya bin miongoni mwa Waswahili wa pwani. Babu yake Carl aliitwa Ingemar Bengtsson, yaani Ingemar bin Bengt, na Nils mwenyewe alikuwa Ingemarsson. Kwa desturi hiyo Carl angejulikana kama Carl Nilsson.

Mambo yalibadilika Nils alipojiandikisha katika Chuo Kikuu cha Lund, ambako alihitaji jina la ukoo. Katika ardhi ya familia yao ulisimama mti mkubwa wa aina iitwayo lind kwa Kiswidi, ambao kwa lahaja ya Småland uliitwa linn. Nils alichukua mzizi linn, akauongezea kiishio cha Kilatini -aeus, akapata Linnaeus. Jamaa zake wengine walikuwa wamejipatia majina kutokana na mti huohuo kwa njia tofauti. Wengine walijiita Lindelius, kutokana na lind. Wengine walijiita Tiliander, jina lililounganisha tilia, ambalo ni jina la mti huo kwa Kilatini, na neno la Kigiriki lenye maana ya mwanamume.

Hapa pana kosa linalofaa kusahihishwa, kwa kuwa hurudiwa mara nyingi katika vitabu. Wengi hudhani kwamba jina la asili la mtaalamu huyo lilikuwa Linné na kwamba Linnaeus ni umbo lake la Kilatini. Ukweli ni kinyume chake. Carl alizaliwa akiitwa Linnaeus, na Linné ni jina alilolipata akiwa mtu mzima mwenye sifa, kama itakavyoelezwa.

Mtoto na majina ya mimea

Nils alipenda bustani, na mwanawe alirithi mapenzi hayo mapema. Baba alimtajia mtoto majina ya mimea, naye mtoto aliyasahau na kuuliza tena. Inasimuliwa kuwa siku moja baba alimwonya kwamba hatamtajia jina lolote jipya iwapo ataendelea kuyasahau yale aliyokwisha kuambiwa. Tangu siku hiyo Carl alijibidiisha kuyahifadhi.

Katika shule ya Växjö hakusifika kwa masomo yaliyomwandaa mtu kuwa mchungaji. Walimu walimshauri baba yake aachane na azma hiyo, na Nils alikata tamaa. Aliyeokoa jahazi ni daktari na mwalimu Johan Rothman, aliyeuona uwezo wa kijana huyo katika elimu ya viumbe na tiba, akamchukua na kumfundisha. Mwaka 1727 Carl alijiunga na Chuo Kikuu cha Lund, na mwaka uliofuata akahamia Uppsala. Huko Olof Celsius alimpokea nyumbani kwake, na Olof Rudbeck mdogo akampa kazi ya kuwafundisha wengine angali mwanafunzi. Linnaeus alikuja kulipa fadhila hiyo kwa njia iliyokuwa yake: aliipa jenasi moja ya maua ya Amerika ya Kaskazini jina la Rudbeckia.

Ua linapata jina

Mwezi Mei 1732 Linnaeus aliondoka Uppsala kwa farasi kwenda Lapland, nchi ya Wasami kaskazini mwa Skandinavia. Safari hiyo, iliyogharimiwa na Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uppsala, ilichukua takriban miezi mitano. Aliandika habari za mimea, wanyama, madini, chakula na maisha ya Wasami, na akakusanya mimea mingi. Mmoja wa mimea aliyokutana nayo ulikuwa ule wenye kengele mbili za waridi.

Mmea huo haukuwa mgeni kwa wataalamu. Caspar Bauhin wa Uswisi alikuwa ameuita Campanula serpyllifolia, yaani kengele yenye majani kama ya zaateri, kwa kuwa umbo la ua lilimkumbusha jenasi ya Campanula. Linnaeus hakuridhika. Utaratibu wake wa kuainisha mimea ulitegemea kuhesabu na kupima stameni, yaani viungo vya kiume vya ua. Maua ya Campanula yana stameni tano. Ua hili lina nne, mbili ndefu na mbili fupi. Kwa hiyo lilistahili jenasi yake lenyewe, na jenasi mpya ilihitaji jina jipya.

Mwaka 1735 Linnaeus alikwenda Uholanzi. Alipata shahada ya udaktari katika mji wa Harderwijk kwa tasnifu fupi juu ya chanzo cha homa za vipindi, kisha akachapisha mjini Leiden toleo la kwanza la Systema Naturae, kitabu chembamba cha kurasa pana kilichopanga viumbe na madini katika majedwali. Tajiri George Clifford alimpa kazi ya kusimamia bustani yake ya Hartekamp, ambako Linnaeus aliwashangaza watu kwa kuufanya mgomba utoe maua katika nchi ya baridi, jambo aliloliandikia kitabu kizima mwaka 1736.

Rafiki yake mjini Leiden, Johan Frederik Gronovius, ndiye aliyeuita mmea ule mdogo Linnaea. Linnaeus aliukubali uamuzi huo na kuutaja kuwa wa Gronovius katika maandishi yake, kwa maana haikuwa adabu mtaalamu ajitungie mwenyewe jina la heshima. Mwaka 1737 mchoro wa mmea huo ulitokea katika Flora Lapponica, kitabu chake juu ya mimea ya Lapland. Mwaka huohuo, katika Critica Botanica, alieleza kwamba mmea huo ni wa chini, haudhaniwi kitu na huchanua kwa muda mfupi, na kwamba kwa sifa hizo unafanana na mtu ambaye jina lake umelibeba.

Unyenyekevu huo haukumzuia kulitumia ua kama alama yake. Katika picha iliyochorwa na Martin Hoffman mwaka 1737, Linnaeus amevaa mavazi ya Kisami na kushika linea mkononi. Baadaye aliagiza kutoka China vyombo vya chai vya kauri vilivyopambwa kwa ua hilo. Alipopewa daraja la ukabaila, liliwekwa pia katika nembo ya familia yake.

Sarufi ya jina

Kilatini kina jinsia tatu za kisarufi: ya kiume, ya kike na ya kati. Linnaeus ni umbo la kivumishi cha jinsia ya kiume. Ili kupata jina la mmea, kiishio -us kiliondolewa, kikawekwa -a cha jinsia ya kike, likapatikana Linnaea. Majina mengi ya jenasi yaliyotungwa kwa kuwaenzi watu hufuata njia hiyo, hata pale mtu mwenyewe anapokuwa mwanamume, kama Rudbeckia.

Neno la pili, borealis, maana yake ni -a kaskazini. Kivumishi hiki huwa na umbo moja kwa jinsia ya kiume na ya kike, na boreale kwa jinsia ya kati. Kwa hiyo upatanisho upo ingawa hauonekani kwa macho. Katika majina mengine huonekana wazi. Mwembe ni Mangifera indica: jenasi ni ya kike, na kivumishi chenye maana ya -a India kimechukua -a.

Mkwaju unampa mwanafunzi wa sarufi fundisho zaidi. Jina lake ni Tamarindus indica, ambalo kwa haraka laweza kudhaniwa kuwa na kosa, kwani nomino inaishia kwa -us ilhali kivumishi ni cha kike. Sababu ni kwamba katika Kilatini majina ya miti kwa kawaida ni ya jinsia ya kike, hata yakiwa na kiishio kinachofanana na cha kiume. Maana imelishinda umbo. Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kustaajabia jambo hilo. Kiboko na kipepeo yana kiambishi cha ngeli ya ki-vi, lakini husemwa kiboko mkubwa amelala, kipepeo yule ameruka, kwa sababu ni viumbe wenye uhai. Kanuni ni ileile ingawa lugha hazina undugu.

Neno lilipoingia katika Kiswidi, irabu mbili ae zilisomwa na kuandikwa e, likawa linnea. Mkazo huwekwa kwenye e, na ndiyo sababu baadhi ya watu huandika linnéa. Kiswidi cha leo kina jinsia mbili tu: ya pamoja, iliyounganisha kiume na kike za zamani, na ya kati. Linnea ni ya jinsia ya pamoja, hivyo husemwa en linnea, yaani linea moja. Ujulikanaji huonyeshwa kwa kiambishi tamati: linnean ni linea ile inayojulikana, linneor ni linea nyingi, na linneorna ni linea zile zinazojulikana. Neno la kigeni limenyambuliwa sawasawa na blomma, ua, ambalo wingi wake ni blommor. Likiandikwa kwa herufi kubwa, Linnea ni jina la mwanamke, na limependwa sana Uswidi. Hivyo jina la mti lilikuwa jina la ukoo, kisha la ua, kisha la mtu tena.

Mfasiri wa Kiswahili hukutana na mambo mawili. Jina la kisayansi halibadilishwi: huandikwa Linnaea borealis kwa mlazo, jenasi kwa herufi kubwa na spishi kwa herufi ndogo. Jina la kawaida laweza kutoholewa kuwa linea, kwa kuwa Kiswahili hakirudufu konsonanti n bila sababu ya kimatamshi. Kuhusu ngeli, mifano ya lugha inaruhusu njia mbili. Waridi limo katika li-ya kama ua lenyewe. Karafuu, ambayo ni tumba la ua, imo katika i-zi pamoja na maneno mengi ya mkopo. Linea imechanua na linea zimechanua ndilo chaguo jepesi zaidi, na neno ua likitangulia, upatanisho hulifuata: ua la linea limechanua.

Mtoa majina na majina ya wenyeji

Linnaeus alirejea Uswidi mwaka 1738, akafanya kazi ya udaktari Stockholm, na mwaka 1739 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Uswidi na rais wake wa kwanza. Mwaka huohuo alimwoa Sara Elisabeth Moraea. Mwaka 1741 alikuwa profesa Uppsala. Mwaka 1753 alichapisha Species Plantarum, kitabu kilichoeleza spishi karibu 6,000 za mimea na kuipa kila moja jina la maneno mawili. Kabla yake mmea ungeweza kuitwa kwa sentensi nzima ya maelezo ya Kilatini, na kila mtaalamu alikuwa na sentensi yake. Toleo la kumi la Systema Naturae, mwaka 1758, liliwafanyia wanyama vivyo hivyo.

Utaratibu huo ulikuwa na gharama zake. Katika Critica Botanica Linnaeus aliagiza kwamba majina ya jenasi yatokane na Kigiriki au Kilatini, na majina ya lugha nyingine aliyahesabu kuwa ya kishenzi. Yalipita yale tu yaliyokwisha kuvaa nguo za Kilatini. Tamarindus ni mojawapo, na asili yake ni Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya India.

Mbuyu haukupita. Mfaransa Michel Adanson aliuchunguza mti huo nchini Senegal katikati ya karne ya 18 na akapenda uendelee kuitwa baobab. Linnaeus aliuita Adansonia digitata, kwa heshima ya Adanson mwenyewe, ambaye alikuwa mpinzani wa utaratibu wake. Mtu aliyetetea jina la wenyeji ndiye ambaye jina lake lilichukua nafasi ya jina hilo.

Lakini miongoni mwa wanafunzi wa Linnaeus alikuwapo Peter Forsskål, aliyefariki Yemen mwaka 1763 akiwa safarini kukusanya mimea. Forsskål alijifunza Kiarabu, akaandika majina ya mimea kama alivyoyasikia kwa wenyeji, na kadhaa akayafanya majina ya jenasi. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1775 na msafiri mwenzake Carsten Niebuhr. Ndiyo sababu miraa, au mairungi, huitwa Catha edulis hadi leo, na ndani ya Catha bado linasikika neno la Kiarabu qat. Ua la milima ya Usambara halikuwa na bahati hiyo. Mwaka 1893 liliitwa Saintpaulia kwa kumuenzi Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa kikoloni wa Kijerumani aliyepeleka mbegu zake Ulaya. Watu wa Usambara waliolijua ua hilo kabla yake hawamo katika jina hilo.

Na mazoea ya kuainisha hayakuishia kwenye mimea. Katika toleo la mwaka 1758 Linnaeus aliwagawa wanadamu katika makundi manne kwa mabara na rangi, akayapachika tabia, na ile aliyowapachika Waafrika ilikuwa ya kuwadhalilisha. Anayefundisha maisha yake hapaswi kuuruka ukurasa huo, kwa sababu waliokuja baadaye waliusoma kama sayansi.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1761 alipewa daraja la ukabaila, kwa hati iliyohesabiwa tangu mwaka 1757, naye akajiita Carl von Linné. Kiishio cha Kilatini kilidondoka na herufi é ikabaki na mkazo wake. Katika kazi za kisayansi, hata hivyo, hutajwa zaidi kama Linnaeus, na katika majina ya mimea huwakilishwa na herufi moja tu, L., ambayo huandikwa baada ya Linnaea borealis na baada ya Tamarindus indica vilevile.

Mwaka 1774 alipatwa na kiharusi, na mwaka 1776 cha pili kikampooza na kumnyang'anya kumbukumbu. Inaelezwa kuwa aliendelea kuvisoma vitabu vyake na kuvisifu, bila kutambua kwamba ni yeye aliyeviandika. Mtoto aliyeonywa na baba yake asiyasahau majina aliishia kupotewa na kazi yake yote. Alifariki Uppsala tarehe 10 Januari 1778 na kuzikwa katika kanisa kuu la mji huo. Mwanawe, aliyeitwa Carl kama yeye, alifariki mwaka 1783, na mwaka uliofuata mikusanyo na vitabu vya baba vilinunuliwa na Mwingereza James Edward Smith, vikapelekwa London.

Ua lilibaki Uswidi. Linea ndiyo ua la jimbo la Småland, alikozaliwa Linnaeus na ulikosimama mti wa linn. Kila anayelitaja ua hilo kwa Kiswidi hutamka, pasipo kukusudia, jina la mti huo wa lahaja ya kijijini, ambalo lilipita katika Kilatini na kurudi nyumbani likiwa na kiishio kipya.